Mama na Miezi ya Mshtarii

Nina hoteli ndogo ya chakula Mtito Andei, na wateja wangu wengi ni madereva wa malori. Mapenzi yangu ya nyota yaliletwa na mteja mmoja, mwalimu mstaafu aliyeharibikiwa na gari akielekea Mombasa, ikabidi alale kwenye lodging ya jirani. Jioni alikuja kula, kisha akaniomba ruhusa ya kutumia uwanja wangu wa nyuma kwa sababu ulikuwa na giza kidogo. Akasimamisha darubini kati ya kuni na tangi la maji, halafu akaniita. Nilienda na mwiko mkononi. Nikaona Zohali, sayari ndogo ya rangi ya samli, imezungukwa na pete yake, imetulia kana kwamba haijawahi kusikia honi ya lori. Wali uliungua jikoni. Wateja walilalamika, nami niliwajibu kwa tabasamu tu.

Baadaye niliagiza darubini yangu mwenyewe. Lakini taa za vituo vya petroli zilinishinda. Usiku anga lote hapa hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hivyo kila nilipopata mtu wa kunishikia hoteli, niliipakia darubini kwenye gari na kwenda kwa mama, upande wa Zombe, ambako taa ya jirani huioni mpaka upande kichuguu.

Wakati huo mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho moja. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika pande zote mbili, polepole sana, hata hakujua amepoteza nini. Bandeji ilipotolewa akaanza kugundua mambo. Alinilaumu kwamba kuta za jikoni zina masizi na hakuna aliyemwambia. Kisha jioni moja alitoka kufungia kuku, akakawia. Nikamfuata, nikamkuta amesimama katikati ya uwanja, ameinua uso.

"Hizi zote zilikuwa hapa?" akauliza.

"Zilikuwa hapa, Mwaitu," nikasema. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

"Mbona hamkusema?"

Nilienda ndani nikaleta darubini, nikaielekeza kwenye Zohali.

Mama ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, na hakukipenda kifaa hicho tangu alipokiona. Alikizunguka mara mbili. "Hii si kazi ya wapiga ramli?"

"Wapiga ramli huziuliza nyota maswali, Mwaitu. Mimi naziangalia tu."

"Na zikikujibu?"

"Hazijanijibu bado."

Alifikiri kidogo, akafunga leso vizuri kiunoni, akainama. Kwanza alitumia jicho ambalo halijapasuliwa, akasema anaona maziwa. Nikamgeuza kichwa taratibu mpaka likaja jicho jipya. Nilisikia kuku wakigombania nafasi bandani.

"Umebandika picha," akasema mwishowe.

Akaenda mbele ya darubini, akachungulia ndani ya mdomo wake, akaingiza mkono na kupapasa. Hakukuwa na picha. Akarudi nyuma, akaangalia tena, akaweka kiganja mbele, pete ikapotea, akakiondoa, ikarudi. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Ni kama punje ya ndengu iliyovaa kofia," akasema, na akaanza kucheka, kicheko chake cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu macho yaanze kumsumbua.

Nilirudi kazini. Mvua zikanyesha, ndengu zikapandwa, zikavunwa, na muda wote huo mama alikuwa akihubiri habari za nyota yenye pete. Nilipofika nyumbani mwezi wa pili, nilikuta sufuria kubwa ya muthokoi jikoni, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula cha watu wengi.

"Nimealika kina mama," akasema. "Waione ile ya pete."

Ikabidi nimweleze kwamba Zohali haipo. Ilikuwa imejificha upande wa jua, na haingeonekana jioni kwa miezi mingi.

"Haipo namna gani? Nimewaambia kanisa zima."

"Nyota nazo zina msimu, Mwaitu."

Aliketi kwenye kigoda akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Kina mama walifika giza lilipoingia, wamejifunga shuka, wengine wamebeba chupa za chai. Mama aliwaambia ukweli bila kuzunguka, na mmoja wao, jirani yetu ambaye hajawahi kuamini lolote mama alilosema, akaguna kwa raha. Haraka nikaelekeza darubini kwenye sayari ya Mshtarii, iliyokuwa ikiwaka juu yetu kuliko nyota zote, nikawaambia watazame miezi yake minne.

Jirani akawa wa kwanza. "Ni mitatu," akasema.

Aliyefuata naye akaona mitatu, na wa tatu pia. Mama akanikazia macho. Nilianza kudhani nimechafua lenzi. Tukawapa wote chakula, tukala, kisha wale ambao hawakuwa wametazama wakapanga foleni. Mwanamke wa kwanza akainama. "Minne," akasema.

Ukazuka ubishi. Waliotazama kabla ya kula wakashikilia mitatu, waliotazama sasa hivi wakaapa ni minne. Jirani akamsukuma mtu kwa bega, akaangalia tena, akakaa pale muda mrefu.

"Kuna mmoja umetoka," akasema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa umejificha nyuma ya mama yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi mmoja ulikuwa nyuma ya Mshtarii, na tulipokuwa tukila ukachomoza. Wote wakataka kutazama upya. Baada ya hapo nikawaonyesha nebula iliyo katika kundi la Orioni, wingu ambamo nyota mpya zinazaliwa. Mama ndiye aliyewaeleza, ingawa mimi ndimi niliyemfundisha jioni hiyohiyo. "Ule moshi mnaouona si moshi," alisema. "Ni wodi ya wazazi." Wakatikisa vichwa kwa heshima, na mmoja akaanzisha wimbo wa sifa kwa Kikamba, wakauimba wakipokezana kwenye darubini.

Kesho yake sikupata moyo wa kuipakia darubini garini. Niliiacha kwake. Siku hizi, jioni hoteli ikijaa na mimi nikihesabu chapati, simu hulia. Ni mama, hana salamu.

"Leo miwili huku na miwili kule," anasema. "Na jirani yako yuko hapa. Hataki kwenda kwake."