Bastola Kiunoni Wakati wa Kahawa

Jamani, sikieni haya. Kaka Kato, Mganda wa hapa Tumba, ughaibuni, alinipeleka klabu yake ya kulenga shabaha kwa dhamana ya leseni yake ya silaha. Shule niliikimbia mapema, lakini kwa video za kubeba bastola kwa siri nilijiona mtaalamu. Nikachagua risasi zenye tundu nchani, zile za kujeruhi zaidi, nikaijaza bastola yake.

Msimamizi akaita mapumziko ya kahawa. Wenzangu wakaacha bastola zao mezani, tupu. Mimi nikaichomeka kiunoni, nikaifunika kwa shati. Niliponyoosha mkono juu kuchukua kikombe, shati likapanda. Chumba kizima kikaiona bastola.

“Mdogo wangu,” Kato akanong'ona, “niambie haina risasi.”

“Imejaa, kaka!” nikajibu kwa fahari.

Msimamizi akamgeukia yeye, si mimi, akadai leseni.