Waya Unaochomolewa Mbele za Watu

Fundi wangu wa Buyenzi ana mchezo anaoupenda kuliko kazi yenyewe. Akimaliza gari la mtu, hasemi tu chukua uende. Analiacha moteri ikiunguruma, anawaita waliokaa karibu, kisha anachomoa waya kwenye kichwa cha betri na kuuinua juu kama mtu aliyekamata nyoka. Gari halizimi.

"Munaona? Betri nimeitoa, na gari inaunguruma! Dinamo iko nzima!"

Wanaongoja magari yao wanapiga makofi. Nami nilipiga. Nilisoma shule ya msingi tu, na mtu mwenye sauti kubwa huwa namwamini haraka.

Gari langu ni kuukuu na kazi yake ya uhakika ni moja: asubuhi ninatoka nalo kwangu Musaga hadi mtaa wa Kinindo, ninachukua watoto wa mama mmoja na kuwafikisha shule. Bila watoto hao, mimi ni mtu mwenye bati linaloota kutu uani. Ndipo likaanza kugoma asubuhi. Ufunguo unazungushwa, linatoa mlio mdogo kama kikohozi cha mgonjwa, basi. Majirani wakawa wananisukuma mteremkoni, huku wakinicheka.

Fundi alisema ni betri. Nikaweka nyingine, ikafa pia. Akasema ni dinamo, ile inayozungushwa na moteri ili kujaza betri. Akafunga nyingine, akafanya mchezo wake, watu wakashangilia. Jioni hiyohiyo ile taa nyekundu yenye picha ya betri, inayoonya kwamba betri haijazwi, ikawaka mbele yangu. Nikarudi.

"Ni we na redio yako," akasema. "Inakula umeme yote."

Redio yangu ilikuwa imekufa zamani. Nilimwambia hivyo. Akasema basi ni kile kilima cha Musaga, gari inachoka kupanda. Mtu mzima, mbele za watu! Na mimi, mtu mzima mwingine, njiani nilianza kukitazama kile kilima kwa mashaka.

Lakini haki yake nimpe. Ni yeye, si mwingine, aliyelala chini ya gari siku moja akaona waya unaounganisha moteri na bodi ya gari umeoza hadi ndani. Umeme haukuwa na njia nzuri ya kurudi kwenye betri. Akafunga waya mpya na dinamo nyingine tena, kazi safi kabisa. Siku hiyo alikuwa na haraka, mpwa wake anaolewa Uvira, akaondoka na kanzu yake mkononi bila kufanya mchezo wake.

Gari likawaka kila asubuhi. Taa nyekundu nikaisahau. Nikaona ni adabu kupita Buyenzi kumshukuru.

"Ah!" akasema, akifuta mikono. "Ile siku sikuipima! Fungua mbele."

Nikafungua. Akachomoa waya, akauinua. Makofi. Kabla sijafika nyumbani, taa ilikuwa imewaka.

Hapo ndipo hata kichwa kama changu kilielewa. Kila alipopima, dinamo ilikufa. Mara moja hakupima, ikaishi. Siujui umeme. Labda dinamo za zamani zilivumilia mambo hayo, na hizi za sasa zina kitu kidogo ndani kinachoungua. Inawezekana nakosea sababu, lakini ile taa ilikuwa mbele ya macho yangu.

Kesho yake gari liligoma tena, nikachelewa Kinindo. Mama wa watoto alikuwa amesimama getini, mifuko ya shule mkononi.

"Shoferi, ukichelewa tena, ubaki kwenu. Nitatafuta mwingine."

Nikarudi kwa fundi, maana huo waya uliooza ni yeye aliyeuona, na mikono yake naiamini kuliko mdomo wake. Alipomaliza kufunga dinamo akanyoosha mkono kwenye betri. Nikaweka wangu juu yake.

"Toa mukono, kaka."

"Apana, Fundi. Hii usiichomoe. Ukiichomoa dinamo inakufa."

Akageukia watu. "Mumesikia? Shoferi wa watoto amekuwa injenia!" Wakacheka sana. "Baba yangu alipima hivi, we hata kuzaliwa bado!"

"Magari ya baba yako hayakuwa haya."

Kicheko kikakatika. Kumtaja baba yake mbele za watu ilikuwa vibaya, najua.

"Enda," akasema. "Ikizima njiani, usiniite."

Nikaondoka nikifikiri labda nimejidanganya na kesho sina kazi. Asubuhi nilizungusha ufunguo macho nimeyafumba. Likawaka. Kinindo nilifika mapema mno, mlinzi akaniuliza kama saa yangu imeharibika.

Mpaka sasa linawaka. Nasikia fundi anawaambia watu kwamba gari la yule wa Musaga ni yeye aliyelitengeneza, na huo si uongo. Juzi nilipita pale na watoto nyuma. Alikuwa ameinua waya wa gari la mtu mwingine, na mwenye gari, masikini, anapiga makofi kuliko wote. Nikapunguza mwendo. Mkono ulifika hadi kwenye honi.

"Tutachelewa," mmoja wa watoto akasema.

Nikakanyaga mafuta.