Mkono wa Wayua

Wayua wa Mitaboni alikuwa na meno ya kahawia. Si kwamba hakupiga mswaki, hata! Maji ya kisima cha kwao, upande wa Kivaa, ndiyo yaliyoyapaka rangi ile tangu utotoni, na dawa ya meno haikufua dafu. Basi alipoolewa huku Mitaboni akazoea kuishi mkono mdomoni. Akicheka, mkono. Akisalimia, mkono. Kanisani aliimba midomo imebanwa, wimbo ukatokea puani. Na kwenye jumuiya, majirani wanapokutana kila Alhamisi kusoma Neno nyumba kwa nyumba, hakuwahi kuomba kwa sauti. Watu wa Mitaboni nao, midomo yao ikipumzika wanaugua, wakamaliza kesi: yule anaringa.

Aliyeieneza kesi hiyo kuliko wote ni jirani yake Mumo, mjane asiye na mtoto, ulimi wake pilipili. Oktoba hii Mumo aliteleza akiteka maji, akavunjika nyonga. Akarudishwa nyumbani kulala tu, na shamba lake likabaki na mabua ya msimu uliopita. Na huku kwetu mbegu hulala mchangani kabla ya mvua. Mvua ya kwanza ikikukuta hujapanda, mwaka huo utakula kwa macho.

Wayua alimpelekea uji kila asubuhi. Anauweka, anasalimia nyuma ya mkono, anaondoka. Siku moja akamkuta Mumo anatazama dirishani.

"Wingu la leo si la kutania," Mumo alisema, kisha akageukia ukuta. Wayua aliona mabega yake yakitetemeka, na roho ikamuuma sana.

Dawa ilijulikana: kuita mwethya, ile kazi ya majirani kulimiana kwa zamu. Lakini mwethya hauitwi kwa ujumbe wa simu. Unaitwa kwa mdomo, umesimama mbele ya watu. Mumo hawezi kusimama, na wengine wote walikuwa na vidonda walivyoachiwa na ulimi ule. Nani amwitie?

Alhamisi walisoma habari za yule aliyepooza, ambaye wenzake walitoboa dari ya watu wakamshusha mbele ya Yesu. Wayua akawaza, hao hawakuona haya kuharibu nyumba ya mwenyewe, na mimi naona haya ya meno!

"Kuna mwenye neno?" akauliza mwenyekiti, mzee Festus.

Wayua akasimama, mkono mdomoni. Akasema kitu ambacho hata aliyeketi karibu naye hakukipata.

"Mama, hatukusikii!" Festus akasema. "Toa huo mkono."

Ala! Angeketi, yangekwisha. Akaushusha mkono, akaushikilia nyuma pamoja na mwenzake, yote miwili imekamata leso.

"Shamba la Mumo halijapandwa," alisema. "Naita mwethya. Chakula nitapika mimi. Najua amewasema. Hata mimi amenisema. Lakini mvua haitangoja mpaka atubu."

Pembeni mtu akacheka kidogo. Masikio ya Wayua yaliwaka moto, lakini mikono ilibaki nyuma.

"Lini?" Festus akauliza.

"Kesho kutwa."

"Kesho kutwa ni mbali," Festus akasema. "Mimi nakuja kesho na ng'ombe wangu wa kulima."

Kesho yake wakaja, majembe na plau, mpaka yule aliyecheka. Mumo alitolewa nje kwa kiti, akakaa mlangoni anatazama mahindi na maharagwe yakiingia mchangani, kimya, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Adhuhuri Wayua akamletea sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe.

"Ni nani aliniitia?" Mumo akauliza.

"Ni mimi, mwaitu," akajibu, yaani mama. Akacheka kwa haya, na mkono haukupanda.

Mumo akayatazama yale meno. Akayatazama tena.

"Kumbe ni hayo tu ulikuwa unaficha?"

"Ni hayo tu."

"Na mimi nikatangaza sokoni unaringa."

"Nilisikia, mwaitu."

"Na uji ukaleta."

"Nikaleta."

Taratibu Mumo akainua mkono wake, akaufunika mdomo.

Wayua akaushika mkono ule, akaushusha polepole mpaka magotini.

"Kula, mwaitu," alisema. "Chakula kitapoa."