Jicho Jeupe la Zimwi

Juzi nilikwenda Morotonga kumtembelea mdogo wangu wa kike. Binti yake, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule ya awali, alinipa shikamoo ya haraka kisha akaniwekea mapajani karatasi yenye picha ya mnyama mwenye mabawa, akitaka tumpake rangi pamoja. Mama yake akaitazama ile karatasi, akainuka, akaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Mtoto hakuelewa. Mimi nilielewa.

Sisi tulikulia kijijini Natta, jirani na hifadhi ya wanyama. Mama alikuwa akifua mashuka kwenye kambi ya watalii, na siku moja alirudi na kitabu cha kupaka rangi kilichoachwa na watoto wa wageni, pamoja na kalamu za rangi zilizokatikakatika. Humo mlikuwa na viumbe ambao hatujawahi kuwaona porini. Mmoja alikuwa farasi mwenye pembe moja katikati ya paji la uso. Sisi mnyama tuliyemjua ana pembe mbili, basi tukaamua huyu alivunjika moja akipigana, tukamchorea nyingine kwa huruma. Bibi alikaa nasi mkekani akipukuchua mahindi, viazi vitamu vikichemka jikoni, naye akampa kila kiumbe jina na tabia zake.

Msimu ule baba alikuwa akilala shambani kulinda mahindi yasiliwe na tembo, yeye na tochi na debe lake la kupiga. Tulipofika kwenye joka lenye mabawa, meno yako nje, mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliingiwa na hofu. Akamuuliza bibi kama zimwi lile haliwezi kuruka likamfuata baba kule shambani. Bibi alichotaka ni mtoto apate usingizi tu.

"Hilo jicho mliache jeupe," alisema. "Likiwa halioni, litamkuta wapi baba yenu?"

Tukaliacha. Mwili kijani, mabawa mekundu, jicho jeupe, na mdogo wangu akalala. Lakini alikuwa mtoto wa kufagia uwanja mara mbili, hapendi kazi ya nusunusu, na lile jicho lilimkera. Alasiri moja tukakuta amelipaka manjano, safi kabisa, bila kutoka nje ya mstari. Alitabasamu kwa fahari, nasi tukamsifu.

Kesho yake asubuhi majirani walimleta baba kwa pikipiki, wamembana katikati asianguke. Tembo walikuwa wameingia kundi zima. Hospitali hakufika.

Watu wakiwa msibani, mdogo wangu alikutwa nyuma ya nyumba akilisugua lile jicho kwa mkaa mpaka karatasi ikatoboka.

"Ni mimi niliyelifungua jicho," alisema.

Shamba lile hatulilimi tena, kambi ilishahama, na bibi ametutoka. Nazikumbuka alasiri zile kwa uchungu, kwa sababu zilikuwa tamu kweli. Bibi aliishi miaka mingi baada ya msiba, na kila mdogo wangu alipomtembelea alimweleza kwamba yale yalikuwa maneno tu ya kumbembeleza mtoto. Mdogo wangu aliitikia, "Ndiyo, bibi." Hakumwamini hata siku moja, maana aliyemfundisha kuamini habari ya lile jicho alikuwa bibi huyo huyo.