Malkia Shingoni

Nikisikia harufu ya moshi wa majani makavu ya migomba, naukumbuka mzinga wa mama kule Kamachumu, nyuma ya mibuni. Siku moja nilimshikia sega, naye akanionyesha vyumba vya nyuki wafanyakazi vilivyofunikwa bapa, na vya madume vilivyovimba. Malkia hakuonekana. Ghafla mama akanitazama shingoni, uso ukambadilika.

"Mwanangu, usitikisike. Malkia yuko kwako."

Nyuki wakaanza kumfuata malkia wao, wakanipanda kolani, masikioni, hadi kwenye kope. Nilifumba macho. Mkojo ukanitiririka miguuni. Vidole vya mama vikaja taratibu, vikamshika malkia mabawa, vikamrudisha mzingani. Wengine wakamfuata.

Mama alipofunga mzinga, tulilia sote wawili, yeye kwa sauti kunizidi.