Kilimani na Mkwe Nisiyemtazama

Mume wangu alinituma Kasanga nikajitambulishe kwao, yeye akabaki Sumbawanga eti ofisini hakuna mtu. Harusi ilikuwa kwetu Tukuyu, na baba yake alikuwa mgonjwa, hakuja. Sasa, sisi Wanyakyusa tuna jambo letu: mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hapishani naye njiani uso kwa uso. Kanisani tunakwenda, na mkwe tunamkimbia vilevile.

"Nimekwisha kuwaandikia," mume wangu aliniambia. "Wanajua."

Alfajiri nilipanda lori la ushirika, nikakaa juu ya magunia ya mahindi. Tuliposimama Matai tulinywa uji wa ulezi. Baada ya hapo barabara ikaanza kuteremka kwenda ziwani, na magunia yakaanza kunihamia mapajani.

Kijijini nilifika alasiri, nikaona nimekwisha. Kwetu kuna migomba ya kujificha. Hapa palikuwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa kama watoto wa shule mstarini. Baba mkwe akitokea mlangoni, mimi mbio nyuma ya choo. Wafipa humsalimia mzee kwa kuchuchumaa na kupiga makofi polepole, lakini makofi yangu hakuyasikia hata mara moja. Nilitaka sana mzee yule anipende, na kwetu mkwe hupendwa kwa kukimbiwa vizuri.

Siku ya tatu asubuhi, wifi yangu Skolastika alinijia, uso umemkauka.

"Baba anasema twende Kilimani. Wake wote wa ukoo huu huonyeshwa ziwa kutoka juu."

Njia ilikuwa ya nusu saa tu, lakini imesimama wima: mwamba kushoto, ziwa kulia, chini kabisa. Pa kujificha hapakuwepo. Nilijifunika kanga usoni, nikafuata visigino vya Skolastika, naye akifuata vya mzee. Nilipoteleza, mzee alininyooshea fimbo yake nishike. Nikarudi kinyumenyume kwa magoti, nikashika majani.

Juu kulikuwa na jiwe bapa la kutosha watu watatu. Niliutazama mwamba.

"Mwanangu," sauti nzito ikasema nyuma yangu, "tumekukosea nini? Siku tatu unanikimbia. Kama hatukufai, sema, nimwandikie mwenzako akurudishe kwenu bila ugomvi."

Nikapaza sauti bila kugeuka.

"Wifi, mwambie baba namkimbia kwa sababu namheshimu!"

Skolastika alikuwa hatua moja kutoka kwa kila mmoja wetu. "Baba, anasema anakukimbia kwa heshima."

"Heshima gani hiyo?"

"Wifi, heshima gani hiyo?"

Nikaeleza mila yetu yote, huku nimeukumbatia mwamba. "Kwani barua haikufika?"

"Barua gani?" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Nilimlaani mume wangu kimoyomoyo, kwa Kinyakyusa.

Kisha nikasikia miguu ikiburuta juu ya jiwe.

"Ameketi, amekupa mgongo," wifi alininong'oneza, sasa anazuia kicheko. "Amejifunika koti kichwani. Anasema geuka."

Niligeuka. Ziwa lilikuwa buluu mpaka likachoka. Kutoka chini ya koti, bila kuliona, mzee akaanza kunionyesha.

"Skola, mwambie mkono wake wa kushoto ni Zambia. Milima ile ya mbele ni Zaire. Yale mapaa ya nyasi chini ni kwetu." Akaliweka koti sawa. "Na kwake."

Nililia, sina haya kusema.

Kuteremka, mzee alitangulia, na kila kona alikohoa ili nijue alipo.

Nilirudi Sumbawanga baada ya wiki nikiwa nimejifunza mambo mawili: kwamba heshima ya mtu yafaa ielezwe kabla haijafika, na kwamba mume wangu hasemi kweli kuhusu barua. Alinipokea stendi, anachekacheka.

"Baba amezeeka?"

"Sijui, sikumwona," nikamjibu. "Ila ukinikosea, sasa najua pa kwenda kukushtaki."