Randa ya Mama Soga

Siku lori lilipoishusha ile randa ya chuma mbele ya nyumba, wifi wa Mama Soga alikuwa wa kwanza kucheka.

"Haya, Mama Soga kaileta nyumbani kabisa! Sasa atapiga soga mpaka vidole vyote viishe."

Majirani wakaangua kicheko. Mumewe, fundi cherehani, alicheka pia, kidogo tu, kisha akajifanya anatafuta uzi. Mama Soga mwenyewe akatabasamu. Alikuwa amezoea kutabasamu hivyo, meno nje, donge rohoni.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa baada ya randa hiyo hiyo kumkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, enzi zile alipokuwa seremala katika kiwanda cha fanicha. Ni mashine nzito yenye meza mbili za chuma, na katikati yake ngoma yenye visu inayozunguka kwa kasi. Unasukuma mbao kwa mikono juu ya visu, inatoka upande wa pili imenyooka. Ukimtazama mtu anayeijua, utadhani anapiga pasi. Kinachomlinda ni kinga, bapa la chuma linalofunika visu na kusogea tu mbao inapopita.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Ndiye aliyemtafutia kazi, na hakukubali mtu asahau hilo. Ilipokuja kazi kubwa ya milango, shemeji aliona kinga inachelewesha watu. Akaing'oa. Mama Soga akalalamika. "Wewe chapa kazi, shemeji," akajibiwa, "kinga nitairudisha." Hakuirudisha. Vidole vikaenda.

Alipotoka hospitali akapita kiwandani, alikuta randa imepakwa rangi mpya ya kijani, na shemeji amekwisha kula kiapo mbele ya wakubwa: mashine ile haikuwahi kuwa na kinga tangu iletwe, na mke wa mdogo wake, maskini, alikuwa amegeuza shingo anapiga soga. Wafanyakazi wenzake waliinamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha. Ila hao hawakumuuma. Aliyemuuma ni mumewe. Alikuwa amemweleza kila kitu tangu akiwa kitandani hospitalini, naye akampapasa bega na kusema, "Pumzika, mama watoto. Hizo dawa zinakuchanganya. Kaka hawezi kunidanganya mimi."

Miaka ikapita na jina likamganda. Watoto wa ndugu walilijua jina hilo kabla ya kujua jina lake halisi. Lililokuwa baya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kujishuku. Labda kweli aligeuka? Labda kinga aliiota? Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: mumewe ajue kwamba mkewe hakusema uongo.

Kiwanda kilipofungwa na mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, aliinunua randa ile, akawaambia nyumbani kwamba anataka karakana yake mwenyewe. Ilikuwa kweli, ila kweli nusu. Nusu ya pili ilikuwa nyundo kubwa aliyoazima kwa jirani. Alikusudia kuipasua ile randa vipande vipande. Akasimama mbele yake, nyundo juu. Kisha akaona meza zilivyonyooka, chuma kizuri kisicho na ufa. Fundi gani anavunja kitu kama hicho? Akaitukana matusi ya nguoni, akarudisha nyundo ya watu.

Ndipo kazi ikaanza. Mlango wa stoo ulikuwa mwembamba, kwa hiyo aliifungua mashine yote, akaiingiza kiungo kimoja kimoja, akaisimamisha juu ya sakafu nene ya zege aliyoimwaga mwenyewe. Mota ya kiwandani ilitaka umeme wa fezi tatu. Nyumbani palikuwa na fezi moja, ya taa na pasi. Fundi umeme akamtafutia mota ndogo iliyokuwa ikiendesha kinu cha kusaga nafaka. Mota hiyo ilikimbia kuliko ile ya zamani, hivyo ilibidi kuivalisha puli ndogo, gurudumu la kuvuta mkanda, ili visu visizunguke kupita kiasi. Na swichi ya kuzimia aliifunga chini, mahali unapoweza kuisukuma kwa goti mikono yako ikiwa na kazi.

"Unaijua mashine hii kama mumeo," fundi umeme akatania.

"Naijua kama adui yangu," akajibu. "Mume unaweza kumsahau."

Alipofika kwenye rangi alichukua brashi ya waya. Ubavuni mwa meza, karibu na visu, rangi ya kijani ilibanduka na chini yake akaona madoa mawili meupe ya ule mchanganyiko wa kuzibia matundu. Puti. Seremala haambiwi puti ni nini. Akachokoa kwa msumari, ikadondoka, na nyuma yake kulikuwa na tundu lenye njia safi ya bolti. Akachokoa doa la pili, tundu jingine. Hapo ndipo kinga ilipokuwa imefungwa. Mtu aliziba matundu yale kwa mkono wake, akayapaka rangi, kisha akaenda kula kiapo.

Alikaa chini sakafuni, akalia kwa hasira mpaka kamasi zikamtoka. Mtu mwingine angekimbia kumwita mumewe. Yeye alifuta uso, akachanganya puti, akayaziba matundu upya, akapaka rangi mpya ya kijivu mashine nzima. Ikakauka. Akamwita mumewe.

"Unaona nini hapo?"

"Rangi nzuri," mumewe akasema.

"Basi vizuri."

Kisha akamwalika shemeji. Alimvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika masikio: karakana haiwezi kufunguliwa na mwingine, yeye ndiye aliyemwonyesha kazi, bila yeye asingekuwa kitu. Shemeji, aliyestaafu na kukosa watu wa kuwaamrisha, alifika amevaa shati la kupigwa pasi. Wifi alikuja pia. Mama Soga alihakikisha anakuja.

"Karibu, shemeji. Mbao ya kwanza utaranda wewe."

Akampa kipande kifupi cha mbao, cha kuleta vidole karibu kabisa na visu. Akawasha. Randa ikanguruma, stoo nzima ikajaa upepo wa visu. Shemeji akasogea, akanyoosha mikono, akasita.

"Kinga iko wapi?" akauliza kwa sauti ya juu.

"Kinga gani, shemeji?"

"Ya kufunika visu!"

"Lakini mashine hii haijawahi kuwa na kinga. Si ulisema mwenyewe? Randa tu. Ila usipige soga."

Tusidanganyane: Mama Soga alitaka shemeji aweke mkono. Alisimama goti lake likiwa karibu na swichi, na kama angeisukuma kwa wakati, hilo hajamwambia mtu hadi leo. Jasho jembamba lilimtoka shemeji usoni. Akamtazama mdogo wake, akamtazama dada yake. Wote walikuwa wanasubiri. Akasogea tena, kisha akakitupa kile kipande.

"Mnataka nikatike? Siwezi kuranda hivi! Kinga lazima iwepo, inafungwa hapa!"

Kidole chake kikaenda moja kwa moja ubavuni mwa meza, penye rangi laini ya kijivu pasipoonekana kitu.

Mama Soga akazima mashine kwa goti. Ngoma ikazunguka, ikazunguka, ikatulia.

"Usiondoe kidole," akasema.

Akatoa msumari mfukoni, akachokoa rangi pale pale. Puti ikadondoka. Tundu la kwanza likaonekana, kisha la pili. Fundi cherehani akainama, akaingiza ncha ya kidole, akaizungusha humo kwa muda mrefu.

"Shemeji, nisamehe," yule kaka mkubwa akasema.

"Nimekusikia."

Zaidi ya hapo hakumpa. Akafunua gunia kwenye kona, akatoa kinga mpya aliyoitengeneza kwa kupima matundu yale yale, akamkabidhi pamoja na spana. "Ulisema utairudisha. Rudisha." Shemeji akapiga magoti kwenye vumbi la mbao na shati lake la pasi, akafunga bolti moja, akafunga ya pili, watu wakimtazama. Mama Soga alilionja kila zungusho la ile spana.

Alipomaliza, mumewe alimsogelea mkewe. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama watoto," akaanza, "siku ile hospitalini..."

Mama Soga akakiokota kile kipande kifupi, akawasha randa, na sauti ya mumewe ikamezwa na mngurumo.

"Nisubiri nje," akamwambia bila kugeuza shingo. "Nikiwa kwenye mashine huwa siongei."